Valli Usman si Usman Valli

Sanduku lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa la mbao za mvule, limepigwa vyuma kwenye pembe, na ndani yake mlikuwa na bunduki ya kuwindia tembo, imepakwa mafuta na kuzungushiwa blanketi la kijivu. Askari wawili walilileta Jumanne asubuhi kutoka ghala la silaha la polisi, wakaliweka nyuma ya meza ya Kenga Kaingu, wakaondoka. Tangu saa hiyo hakuna aliyekaa kwa raha katika ofisi ya Harding na Wenzake, mawakala wa forodha, pale Kilindini. Huo ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa arubaini na saba.

Kenga alikuwa karani wa silaha. Cheo kilikuwa na umri wa miezi minne tu. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyerudi kwao, na Bwana Harding, baada ya kutafuta na kukosa, alimpa Kenga kwa sababu hati ya mkono wake ilikuwa safi na hakuwahi kukosea hesabu ya mzigo. Jina lake likaandikwa kwenye daftari la polisi, chini ya jina la Bwana Harding mwenyewe. Akapewa na kiti. Makarani wengine Waafrika walikalia mabenchi. Kenga alikalia kiti cha kuegemea, tena chenye mikono. Kwao Kaloleni watu walimwuliza kama ni kweli, naye akawajibu kuwa ni kweli, na siku hiyo hakuulizwa jambo jingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: bunduki haipandi meli mpaka ijulikane kule iendako inapokewa na nani. Mpokeaji sharti awe mwuza silaha mwenye leseni iliyo hai, na karani ndiye anayehakikisha. Akisha kuhakikisha hutia sahihi kwenye fomu, chini ya maneno yasemayo: mimi niliyetia sahihi hapa, nimehakikisha mwenyewe. Wengi huitazama mistari kama hiyo wasiione. Kenga aliiona, na neno "mwenyewe" alilisoma kila mara.

Bunduki ilikuwa ya rafiki yake Bwana Harding, mwindaji aliyekuwa akirudi Ulaya, naye ameiuza kwa duka moja la silaha Unguja. Kenga akafungua karatasi. Nakala ya leseni ilisema: Valli Usman, mwuza silaha, mpaka mwisho wa Desemba. Barua ya kukubali mzigo ilitoka duka lile lile, mtaa ule ule, sanduku la posta lile lile. Chini yake pametiwa sahihi: Usman Valli.

Akaisoma mara tatu. Kisha akainuka, akaenda meza ya pili, kwa Alibhai Rajabali, karani mkuu, Mhindi wa Mombasa aliyezaliwa hapa hapa na kuitumikia ofisi hiyo miaka ishirini na miwili.

"Bwana Alibhai, hebu nitazamie hili."

Alibhai alitazama. Alitazama kwa muda mfupi mno, na Kenga akauona ufupi wake.

"Duka ni lile lile," Alibhai alisema. "Sanduku la posta ni lile lile. Wataka nini zaidi?"

"Nataka mtu awe yule yule. Wa leseni ni Valli, babake ni Usman. Wa barua ni Usman, babake ni Valli. Hawa ni mtu na mwanawe. Wewe walijua hili kuliko mimi."

"Yakhe, tia sahihi. Meli yaondoka Ijumaa."

"Leseni ya mtu hairithiwi kama nyumba, Bwana Alibhai."

"Mimi sijui kitu," alisema Alibhai, akarudi kwenye karatasi zake za mzigo wa majani ya chai, akawa anaisoma karatasi iliyopinduliwa juu chini.

Bwana Harding aliingia kabla ya saa nne. Alikuwa amekaa Mombasa miaka kumi na tano, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrishia tu.

"Karani! Kwa nini sanduku iko hapa bado?"

"Bwana, majina hayapatani. Naomba tupeleke telegramu kwa polisi wa Unguja, watwambie mwenye leseni ni nani."

"Iko leseni?"

"Iko, bwana, lakini..."

"Iko barua?"

"Iko."

"Basi! Hindi yote iko namna hii. Leo Valli Usman, kesho Usman Valli. Yote moja tu."

"Bwana, si mmoja. Ni wawili."

Masikio ya Bwana Harding yaligeuka mekundu. Hakuzoea kusahihishwa, na kusahihishwa na Mgiriama mbele ya ofisi nzima kulimchoma. Akapita nyuma ya meza ya Kenga, akakishika kile kiti mgongoni, akakiburura mpaka barazani kwa mkono wake mwenyewe. Miguu ya kiti ililia juu ya saruji, na kila mtu akainamia kazi yake.

"Karani hapana tia sahihi, hapana kaa kiti," alisema. "Alhamisi, saa sita. Sahihi, ama kwenda."

Kenga alifanya kazi amesimama siku nzima. Meza ilikuwa ya mtu aliyeketi, kwa hiyo alilazimika kuinama, na kila aliyeingia kuleta mzigo aliuliza, "Kenga, kiti kimekwenda wapi?" Mmoja akasema labda kimepelekwa kushonewa mto. Wakacheka. Kenga naye alicheka, lakini roho ilikuwa ikimuuma.

* * *

Kenga na watu wa nyumbani mwake walikuwa wamepanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Bi Mwanakuu, huko Kuze. Bi Mwanakuu alikuwa mama mtu mzima, mkali wa ulimi, aliyewapangisha kwa sharti moja tu, kwamba wasimtilie nguruwe chunguni, naye akaishia kuwapenda kuliko jamaa zake. Loise, mkewe Kenga, mimba yake ilikuwa imetimia. Binti yao Dama alikuwa amepelekwa Kaloleni kwa bibi yake, na babake Kenga, Mzee Kaingu, alikuwa ameshuka mjini na kapu la muhogo kuja kungojea jina lake.

Kungojea jina lake hasa, si maneno ya mapambo. Kwa Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na nyuma hufuata jina la babake. Kenga alikuwa Kenga Kaingu. Mzee alikuwa Kaingu Kenga. Na yule wa tumboni, akitoka mwanamume, angekuwa Kaingu Kenga vile vile. Mzee alikuwa amekaa mjini siku tisa sasa, na kila asubuhi alimwuliza Loise, "Bado?" kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake bandarini.

Kenga alipowaeleza habari za sanduku, Loise aliweka mwiko chini.

"Hebu nifahamishe, Babake Dama. Bunduki ni ya Mzungu. Yaenda kwa Mhindi. Wewe Mgiriama imekuhusu nini?"

"Sahihi ni yangu."

"Sahihi ni wino!"

"Ikisha kuwa na jina langu si wino tena."

"Na ukifukuzwa, Bi Mwanakuu tutamlipa kwa jina?" Loise alisema, na macho yakamjaa machozi, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. "Nikazae barabarani? Wenyewe wamekwambia ni mmoja. Mkubwa wako amesema. Mhindi mwenyewe amesema. Wewe ni nani hata ukatae?"

Swali hilo hilo Kenga alikuwa amelibeba njia nzima kutoka Kilindini.

Mzee Kaingu alikuwa akimenya muhogo. Akaweka kisu.

"Huyo mkubwa wako alisema vipi? Sema maneno yake."

"Alisema yote moja tu."

"Enhe," alisema mzee. Akafuta mikono kwenye shuka. "Baba yangu alipokufa, huyo Kenga Kaingu uliyepewa jina lake, karani wa kodi alikuja na daftari. Akasoma: Kenga Kaingu, nyumba moja, hajalipa. Nikamwambia, bwana, huyo ni baba, tumemzika. Mimi ni Kaingu Kenga, yangu nimelipa, cheti hiki. Akacheka sana. Akasema, ninyi majina yenu mwayapindua tu, yote ni moja. Nikailipia nyumba ya maiti miaka mitatu. Mbuzi wangu wakaenda, lakini mbuzi huzaa wengine. Kilichoniuma ni kuwa baba yangu hakuachwa afe."

Loise alipangusa uso kwa ncha ya leso. "Alikuwa Mzungu huyo karani, Baba?"

"La, mwanangu. Mtu wa kwetu. Wa Kaloleni hapo hapo." Mzee akachukua tena kisu chake. "Alikuwa na kiti kizuri."

Muhogo ukatiwa chunguni, ukaiva. Walipokwisha kula, Loise alinyanyuka kwa kushika ukuta, akatoa kopo la maziwa la bati kutoka chini ya kitanda, akamimina shilingi zilizokuwa za kununulia flaneli ya kumzungushia mtoto.

"Kesho pitia posta," alisema. "Uliza mwenyewe. Na hiyo shati ivue, niipige pasi."

* * *

Huko posta, karani wa dirishani aliigeuza karatasi ya Kenga huku na huku. "Telegramu kwa Polisi? Nani amekutuma? Barua ya ofisi iko wapi?"

"Nimejituma."

"Makubwa haya!" Akamwangalia kuanzia shati lililonyooka mpaka viatu. "Na jibu pia walilipia wewe?"

"Nalilipia."

Kila neno lilikuwa na bei, na shilingi hazikutosha. Kenga alisimama kando akaanza kupunguza. Alitoa salamu. Alitoa "tafadhali". Kwa Kiingereza chake cha misheni yakabaki maneno machache: Valli Usman mwuza silaha yu hai? Usman Valli ana leseni? Chini yake, Kenga Kaingu, karani wa silaha, Harding, Kilindini. Karani wa posta akamwonyesha kwa kalamu kwamba akitoa "karani wa silaha" angebaki na senti za nauli.

"Hayo yaache," alisema Kenga. "Nitakwenda kwa miguu."

Akaenda kwa miguu, jua la saa saba kichwani, akafika ofisini amelowa jasho. Kiti kilikuwa bado barazani, na sasa mpagazi mmoja alikuwa amekikalia akila mkate. Mpagazi aliruka kwa haya alipomwona, na haya ile ilimwumiza Kenga kuliko vicheko vya jana.

Alibhai alisukuma kwa mguu debe tupu la mafuta ya taa mpaka kando ya meza yake. "Kalia hili, bwana. Mgongo utavunjika."

"Ahsante, Bwana Alibhai. Nimezoea."

Alibhai akainama, akapunguza sauti. "Wadhani sijui? Mimi ni mtoto wa Rajabali. Najua nani humfuata nani. Lakini nina mabinti watatu, Kenga, na Mzungu huyu hasahau."

"Kama wajua, sema."

"Nimesema. Nimekwambia wewe."

"Mimi nalijua tangu jana," alisema Kenga, na Alibhai akarudi kwake amenywea.

* * *

Alhamisi jibu halikuja. Kenga alilingojea asubuhi yote, akigeuza shingo kila baiskeli ilipopita nje, na saa sita ikagonga hana kitu mkononi ila ile fomu. Bwana Harding alitoka chumbani kwake, saa ya mfukoni ikiwa kiganjani.

"Sahihi?"

"Sikutia, bwana. Wala sitatia."

Mashine ya kupigia chapa ilinyamaza, na hata wapagazi waliokuwa mlangoni walisimama.

"Bwana, fomu inasema nimehakikisha mwenyewe. Sikuhakikisha. Nimeuliza Unguja, sijajibiwa. Nikiandika nimehakikisha nitakuwa nimesema uongo kwa jina langu, na jina hili si langu peke yangu. Alikuwa nalo babu yangu."

Pengine Bwana Harding hakuelewa hayo ya babu. Aligeuka. "Alibhai! Wewe Hindi. Ambia huyu. Valli Usman, Usman Valli, iko moja?"

Alibhai alisimama polepole. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena. Kenga alimwonea huruma kweli, lakini njia ilikuwa moja tu.

"Bwana Alibhai, niwie radhi sana. Marehemu babako akiitwa nani?"

"Rajabali," Alibhai alisema. Kisha, baada ya kumeza mate, "Rajabali Alibhai."

"Nawe?"

"Alibhai Rajabali."

"Mlikuwa mmoja au wawili?"

Alibhai aliangalia chini, akaangalia kile kiti kule barazani. Alipoinua uso alimjibu Bwana Harding, si Kenga, na alimjibu kwa Kiingereza safi ambacho kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikitumia kwenye barua tu. Alisema kwamba babake amezikwa katika mji huu, kwamba yeye ndiye aliyemwosha kwa mikono hii, na kwamba walikuwa wawili. Alisema hajapata kumwona Mhindi yeyote akipindua jina lake, kwa maana jina likipinduliwa huwa ni la babake.

Bwana Harding aliirudisha saa yake mfukoni. "Sanduku nakwenda kesho," alisema, sasa kwa sauti ndogo.

Kenga alichukua kalamu yake, akaichovya winoni, akamnyooshea kwa mikono miwili, kwa heshima yote anayopewa mkubwa.

"Jina lako pia limo katika daftari la polisi, bwana, tena juu ya langu. Hii hapa kalamu."

Bwana Harding aliipokea. Akaiinamia fomu, akaanza kuusoma ule mstari, na midomo yake ilionekana ikisogea. Alipofika mwisho aliurudia. Tone la wino lilidondoka mezani, kando ya karatasi. Aliitazama fomu muda mrefu, mpaka wino ukakauka kalamuni, kisha akailaza kalamu chini taratibu, mbali na mkono wake.

Basi, hapo ofisi nzima ilijua kwamba na yeye hakuamini kuwa ni mmoja.

"Wewe kwenda nyumbani," alisema bila kumtazama. "Ngoja. Mimi naita."

Kenga alivaa kofia yake. Alipopita barazani wale wapagazi waliomcheka Jumanne walimpisha njia, na mmoja akavua kofia. Ijumaa meli ikaondoka bila lile sanduku.

* * *

Mtoto alizaliwa asubuhi ya Ijumaa hiyo hiyo, mikononi mwa Bi Mwanakuu, aliyempigia Loise kelele mwanzo hadi mwisho na kulia kuliko wote alipomshika mtoto. Alikuwa mwanamume. Kwa kuwa flaneli ilikuwa imekwenda posta, Bi Mwanakuu alichana leso yake mpya ya harusini, akamzungushia. Mzee Kaingu aliitwa, akaingia, akamtazama, akatoka nje, akasimama uchochoroni akiwaambia wapita njia wasiomjua, "Nimezaliwa."

Furaha ilikuwepo, na hofu ilikuwepo. Kenga alikaa mlangoni siku mbili akisikiliza kila hatua. Loise, kitandani, hakulalamika hata mara moja. Alimwita tu amshikie mtoto, akamwambia, "Ukiitwa, utakwenda. Usipoitwa, kuna ofisi nyingine. Lakini huyu siku moja atauliza habari ya jina lake, na sasa una la kumjibu."

Jumamosi alasiri alikuja Alibhai Rajabali, kwa miguu, koti mkononi, akiulizia mlango kwa mlango. Hajapata kumtembelea karani Mwafrika maisha yake yote na hakujua avue viatu au asivue. Alivivua. Mzee Kaingu akampisha kigoda chake, Alibhai akakaa, magoti yakamfika kidevuni.

"Jibu limekuja," alisema, akatoa telegramu. Akaisoma kwa sauti, akiieleza kwa Kiswahili ili mzee na mama aliyekuwa ndani wasikie. Valli Usman alifariki mwezi wa Machi. Usman Valli, mwanawe, hana leseni. Mzigo uzuiwe. Karani Kenga Kaingu ashukuriwe.

"Kumbe leseni ilikuwa hai," alisema Kenga polepole. "Aliyekufa ni mwenyewe."

"Na polisi wa hapa wamepata nakala. Wamekuja ofisini leo asubuhi, wakaomba kuiona fomu. Wakaikuta haina sahihi." Alibhai alitikisa kichwa. "Ingekuwa nayo, Bwana Harding asingekuwa na ofisi saa hizi. Wala mimi, na mabinti wangu."

Loise alisema kutoka ndani, "Na yeye amesemaje? Ameomba radhi?"

"Amesema kiti kirudishwe ndani. Na Kenga afike Jumatatu."

"Mh! Basi hiyo ndiyo radhi yao."

Walicheka wote, na Alibhai akacheka mpaka akapangusa macho. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Miaka ishirini na miwili, Kenga. Sijapata kulitaja jina la babangu mle ndani." Kenga akamletea mtoto ampakate.

"Mashallah. Jina lake nani?"

"Kaingu Kenga."

Alibhai akamwelekea mzee kwa adabu. "Nawe Mzee, samahani, sijakuuliza jina."

"Kaingu Kenga."

Mzee alisogea karibu. Alikuwa na haja, na ilimchukua muda kuitoa. Hakujua kusoma, alisema, na jina lake hakupata kuliona ila kwenye vyeti vya kodi, na hata huko hakujua ni lipi. Je, bwana huyu angeweza kumwandikia? Lake, na la mtoto. Alibhai akamrudisha mtoto kwa babake, akatoa kalamu kifuani, akaigeuza telegramu, na nyuma yake akaandika kwa hati yake nzuri ya karani mkuu, mstari juu, mstari chini: Kaingu Kenga. Kaingu Kenga.

Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaitazama sana. "Lipi langu?"

"Mzee, yote ni..." Alibhai alianza, kisha akajikamata. Uso wote ukamwiva. Akainama, akauchukua mkono wa mzee, akakiweka kidole chake juu ya mstari wa kwanza.

"Hili la juu ni lako, Mzee. La chini ni lake."

"Lishike vizuri hilo," alisema Mzee Kaingu, akimgeukia Kenga, na kidole hakukiondoa. "Wasije wakamtoza huyu kodi yangu."